Unganisha kwanza, mbao baadaye: boksi la amplifaya ndogo lililonitoa jasho

Dada yangu ana saluni ya kusuka Pasua, hapa Moshi. Sabufa yake ilipokufa alinipigia: "Wewe si unajiita fundi? Nitengenezee kitu kidogo kisichokula meza yangu." Kwenye droo nilikuwa na bodi ya amplifaya yenye chipu ya PAM8403, ndogo kuliko kiberiti. Volti 5 za chaji ya simu zinaitosha, na inatoa hadi wati 3 kila upande kwa spika za omu 4. Kwa chumba chenye wateja watatu na draya moja, hiyo ni sauti ya kutosha.

Kuunganisha kulichukua jioni moja. Boksi lilichukua wiki tatu, na mawili niliyatupa.

La kwanza niliharibu kwa rula. Nilipima bodi, nikaongeza sentimita moja kila upande, nikaenda kwa seremala jirani kuomba masalio ya saiprasi. Bodi ilikaa humo kama yai kwenye kiota. Kisha nikachomeka waya wa simu. Pini ya AUX, ile ya kuingiza sauti ya simu, ina kichwa chake, na nyuma ya kichwa waya unataka nafasi ya kupinda. Waya za spika nazo hazikubali kukunjwa ghafla pale zilipolehemiwa; ukizilazimisha zinakatika palepale. Kifuniko kikagoma kufunga.

Siku hizi sikati kitu kabla ya kuunganisha kila kitu mezani: bodi, volyumu, jeki, spika, chaji, pini zote zikiwa zimechomekwa na muziki unapiga. Napima eneo lote lililochukuliwa na hayo madude, si bodi peke yake. Halafu natengeneza boksi la majaribio kwa kadibodi ya katoni ya sabuni. Linachukua dakika ishirini, na kadibodi ikikosewa haiumi.

Kosa jingine la boksi lile sikulijua mpaka nilipotoboa. Volyumu niliyoifunga kando kwa waya ina shingo yenye hesi, na nati hujifunga kwenye hiyo shingo. Mbao yangu ilikuwa na unene wa milimita 12. Nikatoboa tundu safi la milimita 7, nikasukuma volyumu kutoka ndani, nikageuza boksi kuangalia mbele: shingo haionekani. Imeishia katikati ya mbao, na nati nimeishika mkononi sina pa kuifunga. Unaweza kuchimba kwa patasi upande wa nyuma upunguze unene, nilijaribu, mbao ikapasuka kufuata nyuzi zake. Jibu rahisi ni kuacha mbao nene kwa pembeni na kuweka uso wa plaiwudi ya milimita 3. Jeki nyingi za kufunga kwa nati zina shida hiyohiyo.

Kwa hasira nikahamia kwenye bati. Nyumbani kulikuwa na kopo la mstatili, zuri, nikawaza pia kwamba chuma kitakinga mvumo, ile sauti ya "mmmm" ya umeme kwenye spika. Hapo nikaua bodi. Amplifaya za aina hii, hasi ya spika si hasi ya umeme. Nyaya zote mbili za spika zinasukumwa na chipu, kila moja kwa upande wake. Mimi nilifunga jeki za spika za chuma moja kwa moja kwenye bati, kwa hiyo hasi ya kushoto na ya kulia zikakutana kwenye kopo, na kopo lenyewe lilikuwa limeungwa na hasi ya chaji. Sauti ilikwaruza kidogo, nikagusa chipu, ya moto, kisha kimya. Bodi ni ya bei ndogo, lakini ilikuwa Jumapili na maduka yamefungwa.

Kama unatumia chuma, chukua vishikio vya spika vyenye plastiki inayotenga. Kabla ya kuwasha weka mita ya umeme kwenye mlio, yaani pale inapolia ncha zake mbili zikiwa zimeungana: ncha moja kwenye bati, nyingine kwenye kila waya wa spika. Ikilia, usiwashe. Hasi ya umeme wa bodi ndiyo iunganishwe na bati, na iwe sehemu moja tu.

Boksi la tatu, lililopo saluni mpaka leo, ni saiprasi pembeni na plaiwudi mbele. Kutoboa plaiwudi kuna adabu yake. Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu, chora alama, gonga kidogo kwa msumari ili ncha ya keekee isiteleze. Anza na milimita 2, panda mpaka 7, na chini yake weka kipande cha mbao chakavu, la sivyo upande wa pili utachanika kama mkate. Tundu likibana kidogo malizia kwa tupa ya duara. Ukilazimisha keekee kwa haraka tundu linakuwa yai, na nati haiwezi kulificha.

Mbao ilileta mvumo. Nikigusa kitasa cha volyumu unabadilika, nikiachia unarudi. Hiyo ni dalili kwamba mwili wa chuma wa volyumu unaelea, haujafika kwenye hasi. Nililehemu waya mfupi kutoka kwenye mwili huo hadi hasi ya bodi, nikabandika karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya uso, nayo nikaiunganisha na hasi, mbali na migongo ya lehemu. Mvumo ukaisha. Ila kuna mluzi ambao boksi haliponyi: simu ikichajiwa kwenye chaji ileile inayolisha bodi. Chomoa chaji ya simu usikilize. Ukipotea, acha kuhangaika na alumini.

Na kama bodi yako ina bluetooth, usiifungie yote ndani ya chuma wala alumini, utakuwa unaisikia ukiwa umeikumbatia tu.

Bodi kubwa ni habari nyingine. Nina TPA3116 nyumbani, inakula hadi volti 26, na kipozeo chake kinapata joto la kweli. Iinue kwa vipande vya bomba la biki, skrubu ya milimita 3 inapita katikati. Toboa matundu chini na juu, maana hewa ya moto inapanda. Gundi ya moto usiitumie hapo, italegea siku ya sherehe. Miguu nimekata kwenye kandambili iliyokatika, haitelezi wala haitetemeki.

Boksi la saluni lilifungwa kwa skrubu nne, hakuna gundi. Nililipeleka nikaliweka chini ya kioo, nikachomeka, muziki ukaanza. Dada akaliangalia mbele, akaliangalia nyuma.

"Mbona halina taa? Nitajuaje limewaka?"

Nikatoa bisibisi mfukoni. Tundu la milimita 5 kwa LED, rezista ya kilo-omu 1, dakika kumi na tano mteja akiwa kichwa nusu kimesukwa.

Taa ni nyekundu. Alitaka ya bluu.