Kamba ya kumwongozea mbwa: anza kwenye ncha

Ndugu yangu wa Nakuru, umeeleza kwamba mbwa wako, chotara wa German Shepherd, amekwisha kukuharibia kamba mbili za dukani, na ungependa kujua kama unaweza kujitengenezea nyumbani kamba imara ya kumwongozea. Unaweza, na ninakujibu kama mtu ambaye kwa miaka minne sasa amemtembeza mbwa wake hapa Kisumu kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Lakini kabla hujanunua chochote, zichukue zile mbili za zamani uangalie zilikatikia wapi. Sitashangaa ukikuta kwamba katikati zote ni nzima.

Ya kwangu ya kwanza nayo ilikuwa ya dukani, na utepe wake haukuwa na kasoro yoyote. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tulikuwa tumepanga foleni chini ya mwembe, wengi wetu tukiwa watoto walioleta mbwa wao kwa kamba za mkonge, ndipo wangu akamrukia mwenzake mara moja tu na kulabu iliyoshika kola ikavunjika. Nilipoiokota niliona kwamba chini ya ile rangi ya dhahabu mlikuwa na madini ya kijivu yenye chembechembe, yaliyokatika kama chaki. Mbwa alirudi salama, lakini alikuwa amemwangusha mtoto, na jambo hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu.

Kwa hiyo fedha yako nyingi iende kwenye kulabu. Tafuta ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, yenye shingo inayozunguka, ili mbwa anapojigeuza kamba isijisokote. Ikwaruze kwa msumari mahali pasipoonekana: shaba hubaki ya manjano hadi ndani, ilhali ile iliyopakwa rangi tu huonyesha kijivu mara moja.

Kamba yenyewe ni rahisi kupata. Mimi hutumia nailoni ya milimita 12 iliyosokotwa kwa nyuzi tatu nene, kwa sababu nailoni hunyumbuka kidogo mbwa anaporuka, na mshtuko haufiki wote begani kwako wala shingoni mwake. Usiichanganye na kamba ngumu ya plastiki inayofanana nayo, ambayo hudhoofishwa na jua na kuchubua viganja. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo ukiminye ndani ya beseni la maji hadi hewa itoke: nailoni huzama, na ile nyingine huelea. Mkonge ni mzuri kwa mbuzi, ila hunywa maji na kuoza, kwa hiyo siupendekezi kwa mbwa mwenye nguvu kama wako. Nunua mita mbili na nusu, nawe utabaki na kamba isiyofika mita mbili baada ya kusuka ncha zote mbili.

Sasa kazi yenyewe, ambayo nilifundishwa na mvuvi mmoja wa Dunga kwa kijiti kilichochongwa kama kalamu. Fungua zile nyuzi tatu kwa urefu wa sentimita 20, yeyusha kila ncha kwa mshumaa ili isifumuke, kisha funga uzi imara pale zinapoachana. Pitisha kamba kwenye jicho la kulabu na uikunje irudi. Isokote kamba kinyume kwa mikono miwili hadi nafasi zifunguke, na uingize kila ncha chini ya uzi mmoja wa kamba, ikivuka kwanza juu ya ule ulio jirani yake. Nyuzi zote tatu zikishaingia mara moja, huo ni mzunguko mmoja, nawe uvute kila moja kwa nguvu sawa. Mkonge hutosheka na mizunguko mitatu, lakini nailoni huteleza, kwa hiyo fanya mitano bila kuruka hata mmoja. Kwenye ncha ya pili fanya vivyo hivyo, ukiacha kitanzi ambacho kiganja chako hupita bila kubanwa. Fundo la kawaida litakuokolea nusu saa, lakini hupunguza nguvu ya kamba kwa kiasi kikubwa, na likiwa karibu na kulabu humgonga mbwa kidevuni kila anapotembea.

Ukiona kusuka kunakushinda, mafundi wa magari huuza mikanda ya viti ya magari yaliyochakaa. Mpelekee fundi viatu mwenye msharasi na uzi wa nta, akunje sentimita saba na kushona mraba wenye msalaba ndani yake, kwani mstari mmoja wa kukatiza hufumuka wote ukianza kufumuka.

Ukimaliza, ifunge kwenye mti na uivute kwa uzito wako wote, mara kadhaa, kwa ghafla, kabla haijamgusa mbwa. Na kama zile kamba zako za zamani zina alama za meno, basi tatizo ni jingine: kamba hii ni ya kumwongozea ukiwa naye, si ya kumfungia peke yake uani. Mimi hukagua yangu kila Jumapili pale inapogusana na kulabu, na nikiona nyuzi zimeanza kutoa manyoya, hukata sehemu hiyo na kuisuka upya.