Mkaa hautoi madoa ya maji ya Nakuru

Dada, umeuliza kama mkaa wa kusaga utang'arisha meno ya kahawia ya mtoto aliyekulia Nakuru. Tafadhali usimsugulie. Madoa hayo mara nyingi huletwa na floridi (madini ya asili) nyingi iliyo kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa. Yaliingia jino likijengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo hayasuguliki. Mkaa utakwangua gamba gumu la nje, nalo halioti tena. Limau ni baya zaidi.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi: maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki, inakolea zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 8 apewe maji ya mvua yaliyochemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ambao ni tofauti kabisa na makaa ya jikoni.

Mswaki wa mti ni mzuri. Chukua kijiti kibichi kinene kama penseli, menya sentimita 1, tafuna hadi nyuzi zilainike, sugua kutoka ufizi kuelekea ncha ya jino. Kata nyuzi zilizotumika kila siku. Magego ya nyuma mswaki huo hauyafikii vizuri, basi usiku atumie brashi na dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, ateme yote.