Neno moja, maana mbili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kamusi ya Kiingereza humwambia mwanao kwamba "bank" ni mahali pa kuweka fedha na pia ni ukingo wa mto. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti: la fedha lilipitia Kiitaliano, ambako lilikuwa benchi la mbadilishaji fedha, na la mto lina asili ya Skandinavia. Hata sisi hapa Lamu tuna kaa atembeaye kwa ubavu kwenye tope la mikoko, kaa la moto jikoni, na kukaa barazani. Basi mwanao asome sentensi nzima kabla ya kufungua kamusi, kwani akiona mashua imefungwa kando, maana ya fedha itajiondoa yenyewe.