Nataka kusomea jotoardhi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati). Tangu utotoni nimeyaona maji ya moto ya Kilambo, na ninataka kusomea fizikia ya jotoardhi. Nimepekua mwongozo wa udahili, kozi ya jina hilo sijaiona. Baba anasema basi nisome ualimu. Nifanyeje? – Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina hilo liache kwanza. Jotoardhi ni ubobezi wa baadaye, na mlango wake ni fizikia au jiolojia. Dar es Salaam na Dodoma utazipata zote mbili. Kwa PCM yako, chukua fizikia. Anayetafuta joto chini ya Ngozi, ule mlima wa volkano wa huko kwenu Mbeya, haanzi kwa kuchimba. Anafukia vihisio, anapima mawimbi ya umeme na sumaku yanayotokana na radi zinazopiga mbali na misukosuko ya jua. Mwamba uliopikwa na maji ya moto hugeuka udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hupitisha umeme kwa urahisi, ndiyo maana hujitokeza kwenye vipimo. Njia hiyo huitwa magnetoteluriki. Usipojua hesabu za mawimbi na kuandika programu za kompyuta, namba zile zitakutazama tu.

Mimi nilichagua kozi kwa uzuri wa jina lake. Mwaka wa tatu ndipo nilipotambua kuwa idara haina hata kifaa kimoja cha kupeleka porini. Vifaa tulivichora daftarini. Iliniuma, na bado inaniuma. Kwa hiyo kabla hujaomba, iulize idara: mna vifaa gani, na wanafunzi wa mwaka jana walikwenda kupima wapi?

Ukishahitimu, angalia Kigali: EAIFR, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa sayansi ya msingi iliyoanzishwa 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ina uzamili wa fizikia wenye mkondo wa jiofizikia, yaani fizikia ya dunia. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kina diploma ya mwaka mmoja yenye fizikia ya mfumo wa dunia, tena kwa ufadhili. Iceland wanatoa mafunzo ya jotoardhi ya miezi kadhaa tangu 1979, ila hayo ni ya walio kazini tayari.

Mzee mwambie kwamba Kenya inazalisha umeme wa mvuke wa ardhini pale Olkaria tangu 1981. Ualimu ni kazi njema, nimeifanya Iringa miaka mingi, lakini usiusomee kwa sababu tu kozi yako haikuonekana kwenye kitabu. Mpeleke Kilambo siku moja, umweleze habari ya radi na ule udongo.