Kura peke yake haitoshi kuipima serikali

Ndugu yangu, umeuliza nchi inayopiga kura kila miaka 5 inawezaje kuitwa ya kiimla, yaani ya kidikteta. Inawezekana, tena sana. Korea Kaskazini nao hupiga kura, lakini kwa miaka mingi karatasi imekuwa na jina moja tu.

Tazama kwanza nani anatunga sheria na nani anazitekeleza. Hapa Zanzibar, tangu 1964 mpaka 1980, kazi zote mbili zilikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Ndipo likaja Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria. Vyama vingi vilirudi 1992.

Halafu, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote, tazama baada ya matokeo kutangazwa: mahakama ina uwezo wa kuyachunguza? Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyeko madarakani na kura zikarudiwa. Kwetu, ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwishatangazwa. Kwa hiyo tume ya uchaguzi ndiyo inayobeba mzigo wote, na ikikosea hakuna wa kuirekebisha. Usihesabu masanduku tu, ulizia na mlango wa rufaa.