Barua kwa mwanangu: kusema au kutenda

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Unasema mdogo wako hakuja kukuona hata siku moja ulipolazwa, na tangu utoke hospitali hupokei simu yake. Mumeo anakuhimiza umwambie yaliyo moyoni. Rafiki yako anasema maneno hayasaidii, usikanyage kwake mpaka ajifunze. Ndipo ukaniuliza: hisia ni bora kuzisema au kuzitenda?

Mdogo wako naye ni mwanangu, kwa hiyo usinitafute niwe hakimu, na sababu yake ataisema mwenyewe. Lakini swali lako nitalijibu.

Inategemea ni hisia ipi. Hasira na woga havina dawa moja, na wanaokushauri naona wameliruka hilo.

Hasira, mama, itangulizie maneno. Wapo wanaoamini kwamba ukibamiza mlango au ukipiga mto ngumi, hasira inakutoka. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Brad Bushman, alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Wanafunzi waliudhiwa makusudi, kisha baadhi yao wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Wengine walikaa tu, bila kufanya lolote. Waliopiga ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi, na walipopata nafasi ya kumlipiza mtu wao walikuwa wakali kuliko waliokaa. Na kumsusia ndugu nako ni kutenda, usijidanganye kwamba umenyamaza tu. Kila simu unayoiacha ilie ni ngumi nyingine kwenye ule mfuko.

Kuitaja hisia, kwa upande mwingine, kunaituliza. Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akitazama picha ya uso wenye hasira au hofu, kisha akachagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala yake, sehemu ya ubongo inayotahadhari na hatari, hupunguza msukosuko. Ila neno liwe lenyewe hasa. Barua yako nzima inasema "nimekasirika", na mimi mzazi wako nasoma "niliumia, nilijiona sina mtu".

Sasa, kusema nako kuna ubaya wake. Mtafiti Amanda Rose aliwachunguza watoto na vijana ambao hukaa na marafiki zao wakiyachambua matatizo yaleyale tena na tena. Aliona urafiki wao unakuwa wa karibu zaidi, lakini huzuni na wasiwasi navyo viko juu. Wewe na rafiki yako mmeizungumza habari hii mara ngapi? Na mara ngapi mhusika alikuwepo? Maneno yanayomzunguka mtu bila kumfikia ni masengenyo, hata yakisemwa kwa machozi.

Woga na huzuni ni habari nyingine. Woga ukiujadili sana unanenepa. Hupungua unapolisogelea lile unaloliogopa, kidogo kidogo. Huzuni nzito vilevile: mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliona kuwa wagonjwa wa sonona waliosaidiwa kurudia shughuli zao tu walipata nafuu sawa na waliofundishwa pia kuzichunguza fikra zao. Hapo mwili hutangulia, moyo ukafuata. Anayesubiri ajisikie vizuri kwanza ndipo ainuke, atasubiri sana.

Haya yote nakuandikia kwa sababu sidhani unayo hasira peke yake. Nadhani unaogopa. Unaogopa kumuuliza kwa nini hakuja, akakupa jibu litakalokuonyesha kwamba huna uzito kwake. Kama ni hivyo, mumeo na rafiki yako kila mmoja ameshika nusu: hasira uiseme, na woga uutendee, na vyote viwili vinakupeleka mlangoni kwa mdogo wako.

Usimwandikie ujumbe wa simu. Ujumbe wa mtu aliyeumia husomwa kwa sauti ya ugomvi. Nenda mchana, nenda peke yako, mwambie uliumia, umuulize, kisha umwache amalize kusema hata kama anajichanganya; unajua anavyokuwa akibanwa. Akikujibu vibaya, nipigie mimi kabla hujampigia rafiki yako.

Baba yako