Bastola ya Kwanza Ipime kwa Kiganja

Tangu wezi waingie dukani kwangu hapa Malindi nikiwa ndani nahesabu mauzo, wafanyabiashara wenzangu wanaotafuta idhini ya kumiliki silaha huniuliza swali lile lile: nichukue ipi? Mimi si askari. Nimeanza kujifunza ukubwani, nikakosea, na makosa hayo ndiyo ninayoyatoa hapa.

La sheria nilimalize mapema. Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, usipokuwa na cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, hata risasi moja mfukoni ni kesi. Hicho cheti nacho ni cha kuhuishwa kila mara, na mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliamriwa kuhakikiwa upya. Anayekunong'oneza kuwa ana chuma cha haraka, mkimbie.

Sasa kosa langu. Nilitaka kibastola kidogo, cha kutoshea mfuko wa kanzu. Nikadhani udogo ndio upole. Kumbe risasi ni ile ile, na chuma kikiwa chepesi teke lote linaishia mkononi. Tena kwenye mtutu mfupi zile shabaha mbili, yaani alama za kulengea za mbele na nyuma, zimekaribiana, kwa hiyo mkono ukiyumba kidogo tu, risasi inakwenda kwingine kabisa. Baada ya risasi kama ishirini, pale katikati ya gumba na kidole cha shahada palikuwa pamewiva wekundu.

Mwalimu wetu wa kupiga bastola, mzee aliyestaafu upolisi, hakusema kitu. Alichukua magazini yangu, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akageuka, akachanganya risasi bandia mbili tatu, zisizolipuka, bila mimi kujua ziko wapi. "Haya, piga." Ya kwanza ikalia. Ya pili nilipovuta kifyatulio haikulia, lakini mtutu uliinama kama mbuzi anayekunywa maji. "Umejiona?" akaniuliza. "Haijakupiga, wewe ushaogopa." Woga huo ukishakuingia, kuutoa ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo anayeanza namwambia achukue bastola ya kimo cha kati, ya risasi za milimita 9. Risasi zake ni rahisi kupatikana kuliko za aina nyingine nyingi, na teke lake linavumilika. Glock 19, kwa mfano, haifiki gramu 700 ikiwa tupu na magazini yake hubeba 15. CZ 75, ndugu yake zile tunazoziita Ceska, ni ya chuma kitupu, karibu kilo moja. Ukiipiga inatulia, ukiibeba kutwa nzima kiuno kinalalamika. Jina lisikusumbue. Mbele ya muuzaji, hakikisha ni tupu, ishike, uone kama ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio bila kuupindua mkono. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza kurudi nyuma, mwenyewe mpaka mwisho. Ukishindwa dukani, usiku ukitetemeka utaiweza?

Kuna mama mmoja mwenzetu, mfanyabiashara wa samaki, aliuziwa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, kwa maneno kwamba "hii ndiyo ya wanawake." Ni kweli haina slaidi ya kuhangaika nayo. Lakini kifyatulio chake kinataka nguvu ya kama kilo 5, na kila akivuta, mkono mzima unakwenda upande. Mimi ushauri huo huwa unaniudhi.

Fikiria na kuta zako. Ukuta wa matumbawe wa kizamani ni kitu kingine. Ubao, bati na makuti havizuii risasi, na nyuma yake jirani amelala.

Jambo ambalo watu wa bara hawakwambii ni chumvi. Msimu wangu wa kwanza wa kusi nilikuwa naiweka bastola kwenye sefu ikiwa ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi inanyonya jasho na unyevu, haitoi. Nilipoitoa baada ya wiki chache, slaidi ilikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa kama unga wa pilipili, na skrubu moja ya shabaha imeganda. Siku hizi ala inakaa kivyake. Bastola naifuta, naipaka mafuta membamba, na sefuni kuna vifuko vya kukausha unyevu ambavyo hubadilishwa vikichoka.

Kazi hiyo naifanya kila Ijumaa baada ya Asri, mlango umefungwa, watoto wako nje. Natoa magazini kwanza, kisha navuta slaidi mara tatu, nachungulia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa, natia kidole kidogo kupapasa. Kutoa magazini peke yake hakuitoi risasi iliyokwisha panda chemba. Mwaka jana navuta hivyo, moja ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika hadi chini ya kabati. Nilikuwa na yakini kuwa ni tupu.